Kutambua Kifaranga Jike na Dume Mapema: Anza na Wazazi, Ndipo Umshike Kifaranga

Hakuna alama moja inayotenganisha jike na dume kwa vifaranga wote. Rangi inayosema kweli kwa kuku wa mayai wa kahawia haisemi lolote kwa kuku wa kienyeji. Bawa linalomtaja jike kwa leya (kuku wa mayai) mweupe linaweza kumpotosha kabisa anayelikunjua kwa chotara. Ndiyo maana watu wawili hufuata maelekezo yale yale, mmoja akapatia na mwingine akakosa nusu nzima. Kabla hujamshika kifaranga, uliza wazazi wake ni akina nani. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua njia.

Sababu iko kwenye damu. Kwa kuku, jinsia huamuliwa na mama. Jogoo ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni za urithi) mbili za Z, tetea ana Z moja na W moja. Jogoo humpa kila mtoto Z. Tetea humpa mtoto wa kiume Z yake, na wa kike humpa W. Kwa hiyo jeni lolote lililoko kwenye Z ya mama huenda kwa watoto wa kiume peke yao, na watoto wa kike hubaki na Z ya baba tu. Njia ya rangi na njia ya bawa zimejengwa juu ya jambo hilo hilo: jeni lenye nguvu likiwa kwa mama na lile dhaifu kwa baba, madume hutoka na sura ya mama na majike hutoka na sura ya baba. Shika sentensi hiyo, kwa sababu makosa karibu yote yatakayotajwa hapa chini yanatokana na kuigeuza.

Kwa kifupi, njia hugawanyika hivi:

- Leya wa kahawia (ISA Brown, Lohmann Brown, Hy-Line Brown na wenzao): rangi, siku ya kwanza.
- Leya weupe, na baadhi ya broila: bawa, siku ya kwanza au ya pili, endapo wazazi walipangwa kwa ajili hiyo.
- Plymouth Rock halisi wa mistari: doa la kichwani na rangi ya miguu. Husaidia sana, ila haikamiliki.
- Kienyeji, Kuchi, Kuroiler, Sasso, kuku wa Malawi na chotara wa kila aina: subiri wiki 8 hadi 10, au mtafute mtaalamu wa kukagua njia ya haja.

Njia ya rangi kwa leya wa kahawia

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Baba ni mwekundu mwenye jeni la dhahabu, mama ni mweupe mwenye jeni la fedha, na fedha ina nguvu juu ya dhahabu. Madume hutoka njano iliyopauka au rangi ya krimu. Majike hutoka kahawia yenye wekundu.

1. Subiri kifaranga akauke kabisa na manyoya yasimame. Aliyelowa huonekana mweusi-mweusi kuliko alivyo.
2. Mtoe chini ya taa ya joto. Balbu nyekundu ya bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) hufanya njano na kahawia zifanane. Tazama kwa mwanga wa mchana, kivulini, au chini ya taa nyeupe.
3. Anza na kichwa, kisha mgongo. Wengi utawatenga kwa kuwatupia jicho tu.
4. Wenye shaka weka kando, uwarudie mwishoni.

Wenye shaka hawakosekani. Wapo majike wa kahawia wenye michirizi myeupe mgongoni, na wapo wenye mwili uliopauka huku kichwa kikiwa kahawia. Wapo pia madume wenye mstari mwepesi wa wekundu mgongoni. Kwa hao wote kichwa ndicho cha kuaminiwa kuliko mgongo: kahawia iliyokolea kichwani na kuzunguka macho huelekeza kwa jike, kichwa cha njano au cheupe huelekeza kwa dume.

Kwa mnunuzi, njia hii ni kinga. Boksi la vifaranga 100 huwa na vyumba vinne vya 25. Lifungue mbele ya muuzaji, nje kwenye mwanga, uhesabu wa njano kabla hujalipa. Dume mmoja au wawili ni kosa la kawaida la mkono. Ukihesabu kumi, hiyo si bahati mbaya, rudisha boksi.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Madume wa leya ni wa njano, na broila ni wa njano. Ukiona "vifaranga wa broila" wa bei ya kutupa na asili yake haieleweki, chunguza miguu na kifua: broila wa siku moja ana miguu minene na kifua kipana, dume wa leya ni mwembamba. Broila mzuri hufikia kilo 2 karibu na wiki ya 6. Dume wa leya hafiki huko kwa muda huo hata ukimlisha chakula kile kile, na gharama ya chakula itameza faida yote. Kumfuga si dhambi, ila mtu afanye hivyo akijua.

Kuzalisha mwenyewe vifaranga wanaojulikana kwa rangi

Mfugaji mwenye mashine ndogo ya kutotolesha anaweza kupata vifaranga wa namna hii bila kampuni yoyote, mradi ana mbegu halisi za aina mbili. Michanganyiko miwili inafaa mazingira yetu.

Wa kwanza: jogoo Rhode Island Red au New Hampshire kwa matetea Light Sussex. Madume huwa krimu, majike huwa kahawia.

Wa pili: jogoo mwekundu au mweusi asiye na mistari (Rhode Island Red, Black Australorp, hata jogoo wa kienyeji mwekundu au mweusi mtupu) kwa matetea Plymouth Rock wa mistari ya kijivu na nyeupe. Vifaranga wote huwa weusi. Dume ana doa jeupe utosini, jike hana. Wakikua, madume huota mistari kama mama yao, na majike hubaki weusi, wengi wakiwa na wekundu shingoni kama baba alikuwa mwekundu. Huu wa pili ndio wa kuanza nao, kwa sababu jogoo wake hupatikana kirahisi na doa halina ubishi.

Hatua zenyewe:

1. Weka jogoo 1 kwa matetea 8 hadi 10, kwenye banda lao peke yao.
2. Kama matetea walikuwa na jogoo mwingine, wakae bila jogoo wiki 3 kwanza. Tetea huhifadhi mbegu ndani ya mwili wake na huendelea kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo wa zamani kwa wiki mbili na zaidi baada ya kutenganishwa. Hapa ndipo wengi huharibu: huhamisha matetea leo, hukusanya mayai wiki ijayo, kisha hulaumu njia.
3. Jogoo mpya akishaingia, acha siku 7 zipite ndipo uanze kukusanya.
4. Mayai ya kutotolesha yakae mahali penye ubaridi, nyuzi 15 hadi 18, ncha nyembamba ikiwa chini, yasizidi siku 7. Pasipo na ubaridi huo, punguza siku.
5. Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5 hadi 37.8. Acha kugeuza mayai siku ya 18. Kutotolewa ni siku ya 21.
6. Tenga vifaranga siku hiyo hiyo na weka alama (tazama mwishoni).

Sasa makosa. Ukimgeuza mzazi, yaani jogoo awe Plymouth Rock wa mistari na tetea awe mwekundu, watoto wote, wa kiume na wa kike, huwa na doa, kwa sababu baba amempa kila mmoja jeni la mistari. Vivyo hivyo jogoo Light Sussex kwa tetea mwekundu: wote hupauka.

Ukitumia tetea White Leghorn ukidhani mweupe ni mweupe, utapata vifaranga weupe na njano watupu. Weupe wa Leghorn ni wa aina nyingine: hufunika rangi zote zilizo chini yake na haukuonyeshi kitu.

Na kosa ninaloliona limeenea zaidi: mtu ana leya wa kahawia, anamwingiza jogoo mwekundu, anatotolesha, kisha anatarajia njano na kahawia kama walivyokuja kwenye boksi. Haitokei. Yule tetea wa kahawia alichukua Z ya baba yake, kwa hiyo ana dhahabu tu, na jogoo naye ana dhahabu, basi watoto wote huwa wa kahawia. Akimpandisha kwa kaka yake mweupe wa leya, rangi zote mbili hutokea kwa jinsia zote mbili, jambo ambalo ni baya zaidi maana linafanana na ukweli. Mchanganyiko wa rangi hufanya kazi kizazi kimoja tu. Ukitaka kuendelea, rudi kwa mbegu halisi za pande zote mbili.

Plymouth Rock halisi kwa Plymouth Rock halisi ni hadithi ya kati. Vifaranga wote wana doa, lakini dume ana jeni la mistari mara mbili na jike mara moja, kwa hiyo doa la dume huwa kubwa, limetawanyika, kingo zake hazieleweki. La jike huwa dogo na limekusanyika. Tazama na miguu: ya jike ni myeusi mbele, kisha njano huanza ghafla kwenye vidole, ya dume hufifia polepole. Alama hizo mbili zikikubaliana, amini. Zikipingana, subiri.

Angalizo kuhusu kuku wa Malawi wenye damu ya Black Australorp: vifaranga wao ni weusi wenye weupe tumboni na kwenye ncha za mabawa, na hali hiyo ipo kwa jike na dume. Usiuchukue weupe huo kuwa alama.

Njia ya bawa

Hapa jeni husika ni la kuota manyoya polepole, na liko kwenye Z, na lina nguvu. Wazazi wakipangwa, baba mwenye kuota haraka na mama mwenye kuota polepole, majike huota haraka kama baba na madume huchelewa kama mama.

Muda ni mfupi: tangu kukauka hadi saa 24, na ukichelewa sana saa 48. Baada ya hapo manyoya ya madume hufikia yale ya majike na tofauti hufutika.

1. Mshike kifaranga kwa mkono wa kushoto, mgongo ukiwa kiganjani, bila kumkaza kifua. Kuku hupumua kwa kutanua kifua. Ukimkaza unamziba pumzi.
2. Kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, likunjue bawa taratibu kama unavyofungua pepeo. Usilivute.
3. Tafuta safu mbili kwenye ukingo. Ya chini ni manyoya makuu ya kurukia, yanayotoka kwenye ncha ya bawa. Ya juu ni manyoya ya kuyafunika, yanayolala juu yao.
4. Linganisha urefu. Kwa jike, manyoya makuu ni marefu wazi kuliko ya kufunika, unaona moja refu, moja fupi, moja refu. Kwa dume, safu zote mbili zinalingana, au ile ya kufunika imezidi kidogo.
5. Kama safu mbili zinakaribiana na huna uhakika, tazama bawa la pili. Ukibaki na shaka, mweke upande wa madume. Anayeota haraka huonekana bila kubishaniwa.

Kiini cha jambo kiko hapa: unyoya wa kifaranga wa siku moja bado uko ndani ya ala yake, umefanana na sindano nyembamba yenye kijibrashi kwenye ncha. Pima ala na ncha pamoja. Wanaopima brashi tu hukosea, kwa sababu kwa kifaranga aliyetoka saa chache zilizopita ncha zimeshikamana na huonekana fupi.

Je, ufanye hivi kwa kienyeji? Hapana. Ukikunjua mabawa ya vifaranga 20 wa kienyeji utakuta wengine marefu na wengine mafupi, pengine nusu kwa nusu, na utaamini umefaulu. Lakini wazazi wao hawakupangwa. Jogoo mwenyewe anaweza kubeba jeni la polepole na kuwapa baadhi ya watoto wa kike. Unachokiona ni kasi ya kuota manyoya, si jinsia. Kwa Kuroiler na Sasso pia usiitegemee mpaka aliyekuuzia athibitishe kwamba mbegu hiyo imepangwa kutenganishwa kwa bawa.

Kukagua njia ya haja

Kwa macho na mikono tu, ni njia pekee ya siku ya kwanza inayofaa mbegu yoyote, na ndiyo ngumu kuliko zote. Ilifanyiwa utafiti Japani na Kiyoshi Masui, Juro Hashimoto na wenzao katika miaka ya 1920, na wataalamu wa Kijapani wakaisambaza duniani. Mtaalamu aliyebobea hukagua zaidi ya vifaranga 800 kwa saa na kupatia zaidi ya 95 kati ya kila 100. Kufika huko huhitaji mafunzo ya miezi mingi. Anayejifunza nyumbani kwa picha atawaumiza vifaranga wengi kabla hajajua anachokitazama, na mimi simshauri mfugaji mdogo kuianza kwa vifaranga wake wa biashara.

Kwa anayetaka kuielewa au kujifunza kwa utaratibu, mambo ni haya:

1. Kifaranga awe na umri wa saa 12 hadi 24. Baadaye njia hukaza na sehemu za ndani hujikunja.
2. Taa kali nyeupe iwe juu ya mkono, karibu, na ndoo ya kinyesi iwe chini yake.
3. Mshike kwa mkono wa kushoto kichwa kikielekea chini, shingo ikipita katikati ya kidole kidogo na cha pete. Minya tumbo kidogo mno kwa kidole gumba ili atoe kinyesi cha kwanza ndani ya ndoo. Tumbo bado lina kiini cha yai. Ukilibana, kiini hupasuka ndani na kifaranga hufa baada ya siku moja au mbili.
4. Kwa vidole gumba viwili na cha shahada cha kulia, fungua njia ya haja ili ukingo wa ndani ugeuke nje.
5. Tazama katikati ya ukingo wa upande wa tumbo. Dume ana punje ndogo, ya mviringo, ngumu kidogo, inayong'aa. Ukiigusa kwa kidole haitoweki. Jike hana punje, au anayo bapa na laini inayolala ikiguswa.

Ugumu uko kwenye wale wa katikati: majike wenye punje iliyotokeza na madume wenye punje iliyosinyaa. Hao ndio wanaotenganisha mtaalamu na mwanafunzi.

Kujifunza kuna njia ya haki. Tumia madume wa leya wa kahawia ambao vituo vya kutotolesha huwauza kwa bei ndogo, pamoja na majike wachache wa mbegu hiyo. Rangi tayari imekupa jibu, kwa hiyo kila unachokikisia unakihakiki papo hapo. Na vifaranga waliokufa wenyewe wana somo kubwa: fungua tumbo kwa mkasi mdogo, sogeza utumbo na kiini kando, tazama kwenye uti wa mgongo juu ya figo. Dume ana korodani mbili za njano zilizofanana na punje za mchele, moja kila upande. Jike ana ovari moja bapa upande wa kushoto, na upande wa kulia hakuna kitu. Hapo hakuna ubishi. Vaa glavu, na mzoga uchome au uufukie. Usiufungue kama vifo vilikuwa vya ghafla na vingi, kwa kuwa kideri huenda mbali kwa mikono na nguo.

Usimkague kifaranga mwenye kinyesi kilichoganda nyuma, kitovu kilicholowa au aliyezubaa. Nawa mikono kati ya kundi na kundi.

Kienyeji na chotara: wiki kwa wiki

Kwa wafugaji wengi hii ndiyo njia yenyewe. Haina haraka, lakini haiui mtu. Siri yake ni kulinganisha vifaranga wa umri mmoja, mama mmoja na chakula kimoja. Dume aliyedumaa kwa minyoo hufanana na jike mzima.

Wiki ya 2 hadi 3. Kwa mbegu nyingi nzito, majike hutangulia kuota mkia na manyoya ya mabega. Madume hubaki na mgongo mtupu kwa muda. Ichukue kama dokezo. Weka alama ya penseli kwenye daftari, usiuze.

Wiki ya 4 hadi 6. Tazama upanga, ambao wengine huuita kilemba, na ndevu za chini ya mdomo. Kwa dume upanga hupanuka kwenye shina na kuanza kuwa na wekundu. Wa jike hubaki mwembamba na wa njano-njano. Miguu ya dume ni minene na vifundo vimetokeza. Pangilia vifaranga wa kundi moja kwenye ubao, uwatazame kwa upande mmoja baada ya mwingine: tofauti usiyoiona kwa mmoja peke yake huonekana mara moja kwa kumi waliojipanga.

Kuchi huleta taabu hapa. Upanga wake ni mdogo na umelala kichwani, kwa hiyo hata dume huonekana kama jike mpaka umri mkubwa. Kwake tegemea urefu na unene wa miguu, kisha manyoya.

Wiki ya 8 hadi 10. Alama ya kuaminika kuliko zote kwa jicho: manyoya ya shingoni na ya kiunoni, pale mbele ya mkia. Nyanyua unyoya mmoja kwa kidole. Wa dume ni mrefu, mwembamba, ncha imechongoka na inang'aa. Wa jike una ncha ya duara. Kiuno ndicho cha kutazama kwanza, kwa sababu shingoni hata jike anaweza kuwa na mng'ao. Kwa kuku wenye mabaka mengi, dume huanza pia kuota mabaka mekundu yaliyokolea kwenye mabega, mahali ambapo jike hubaki na rangi tulivu.

Kuwika huanza kwa tofauti kubwa, wengine kabla ya wiki ya 10 na wengine baada ya wiki ya 16, kwa hiyo ukimya haumfanyi mtu kuwa tetea. Kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, nacho hakisaidii mapema. Matetea wakongwe nao huota. Na kupigana kifua kwa kifua kwa vifaranga wa wiki tatu hufanywa na jinsia zote.

Yasiyofanya kazi

Yai lenye ncha kutoa dume, la mviringo kutoa jike. Pete au sindano iliyofungwa kwenye uzi juu ya kifaranga. Kumning'iniza kwa miguu au kwa ngozi ya shingo uone kama atajikunja. Umbo la yai hutokana na mfuko wa mayai wa tetea, na tetea mmoja hutaga mayai ya umbo lile lile mwaka mzima huku akitoa jike na dume. Joto la mashine nalo halibadilishi jinsia. Kwa kasa wa baharini joto la mchanga ndilo linaloamua, lakini kwa kuku jinsia imeshapangwa kabla yai halijatagwa. Anayepandisha joto ili apate majike huua viinitete tu.

Mambo haya hudumu kwa sababu kubahatisha hupatia nusu. Mtu anayekisia vifaranga 20 kwa kurusha sarafu hupata 12 au zaidi mara moja kati ya nne. Kwa hiyo ukitaka kujaribu njia yoyote, ikiwemo ya kwako, weka alama vifaranga 20, andika ulichosema, usubiri wiki 10, uhesabu. Kumi na mbili si kitu. Kumi na tano kuna jambo. Kumi na tisa, una njia.

Alama, kutenganisha na chakula

Alama ya siku ya kwanza iwe rangi ya kucha kwenye kidole kimoja cha mguu, kushoto kwa dume, kulia kwa jike, irudiwe kila wiki kabla haijafutika. Pete ya plastiki ni bora, lakini mguu wa kifaranga hunenepa haraka: ikague kila wiki na uibadilishe kabla haijabana. Usifunge uzi. Uzi huzama kwenye ngozi na kumlemaza kuku.

Unapowakagua usiwaache nje ya joto. Bruda ya wiki ya kwanza huwa nyuzi 32 hadi 35. Chukua vifaranga 25 kwa wakati, wamalize, warudishe, ndipo uchukue wengine.

Watenge madume na majike wiki ya 8 hadi 10, mara manyoya ya kiuno yanapokupa hakika. Chakula ndicho sababu kubwa. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na madume wakikila kwa muda mrefu kalsiamu hiyo ya ziada inaweza kuharibu figo zao. Nao majike wasipewe kabla ya kukaribia kutaga, kwa kawaida wiki ya 18. Banda likiwa moja tu, wape wote chakula cha kukuzia na uweke maganda ya konokono yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, matetea watajichukulia wanavyohitaji.

Madume utakaowabakiza kwa uzazi wasitoke kwa mama mmoja na matetea watakaowapanda. Badilishana na jirani majogoo wawili watatu wenye umri wa wiki 10, wakati bado ni rahisi kuwaingiza kwenye kundi jipya.